Siku moja ugenini: mchana mvuke, jioni marafiki wa mtandaoni

Saa tisa usiku. Macho makavu kabisa. Nyumbani sasa ni saa tatu asubuhi, watu wameshakunywa chai na wako kazini, na mwili wangu hauna habari kwamba umevushwa saa sita kuelekea magharibi. Wanaojua mambo haya husema mwili hujirekebisha kwa kadiri ya saa moja kwa siku, maana yake ukishazoea, ni wakati wa kufunga begi urudi. Basi nimelala chali nasoma ujumbe wa kundi letu la mafundi wa vifaa tiba. Wawili kati yao wanaishi katika mji huu, na leo jioni tutaonana kwa mara ya kwanza.

Siku niliyotua, afisa wa uhamiaji aliniuliza kama nina mtu ninayemfahamu hapa. Nikamwambia ninao wawili. Akauliza tulikutana lini. Nikamjibu, "Bado." Alinitazama kwa muda, akairudia barua ya mwaliko wa kikazi tangu mwanzo, ndipo akagonga muhuri.

Saa kumi na mbili unusu. Boksi la vifaa begani, natoka hotelini. Ndiyo safari yangu ya kwanza ya kikazi nje ya nchi, na hadi sasa nilichokiona ni uwanja wa ndege, chumba cha kulala na barabara moja iendayo hospitali. Ndugu zangu wanaamini niko matembezini. Hawajui kwamba tangu nifike sijapata hata dakika ya kusimama mahali nikashangaa.

Kazi yenyewe ni hii: nafunga na kupima mashine za kutakasa vifaa vya upasuaji kwa mvuke, wenyewe tunaziita otoklevu. Mikasi, koleo na mashuka ya chumba cha upasuaji huingia humo yakiwa yamefungashwa, yakapikwa kwa mvuke wa nyuzi 134 kwa dakika zisizopungua tatu, au nyuzi 121 kwa dakika kumi na tano. Watu hudhani ni sufuria kubwa tu. Tofauti iko kwenye hewa. Hewa ikibaki ndani ya mafurushi, mvuke haufiki ulikokusudiwa, na kipimajoto kinaweza kusoma vizuri kabisa huku katikati ya furushi vijidudu viko salama salmini. Ndiyo maana mashine huanza kwa kunyonya hewa yote, na ndiyo maana mtu kama mimi hupandishwa ndege kwenda kuhakikisha kwamba hakuna tundu inakorudia.

Saa moja na nusu, getini. Kitambulisho, sahihi, picha, viatu vya usalama. Saa mbili na nusu mashine imeshapata moto, na jaribio la Bowie-Dick limepita: ile karatasi iliyofungwa katikati ya furushi imegeuka rangi sawasawa, kona hadi kona. Ingebaki doa jepesi katikati, ningejua hewa imekwama. Maji yanayolisha mashine nayo nimepima, ni safi. Kufikia hapo nilikuwa na furaha ya kijinga, nikipiga hesabu kwamba saa tisa alasiri nitakuwa nimemaliza, nikaoge, nikalale kidogo, kisha niende kwa wenzangu nikiwa na sura ya mtu.

Ndipo akaja bwana mmoja wa upande wa mteja, msimamizi wa ukaguzi, na faili lake.

Jaribio lililofuata ni la kuvuja. Unanyonya hewa kwenye chemba, yaani tumbo la mashine, unafunga valvu zote, unaacha dakika tano presha itulie, kisha unahesabu dakika kumi bila kugusa kitu. Presha isipande zaidi ya milibari 1.3 kwa dakika. Yetu ikapanda karibu mara mbili ya hapo. Bwana yule hakuniangalia, aliandika tu. Halafu akasema, kwa upole unaoudhi kuliko ukali, kwamba mashine ni mbovu na gasketi ya mlango, ule mpira unaouziba, ibadilishwe.

Gasketi ilikuwa mpya. Niliipaka grisi kwa mkono wangu juzi yake. Nikamwonyesha. Akasema upya si hoja. Hapo alikuwa na haki, kitu kipya huweza kuwa kibovu, lakini kuna utaratibu wa kutafuta tundu na hauanzi kwa kubomoa mlango. Jana yake kampuni waliyoiajiri wao ilipitisha nyaya za vihisi joto ndani ya chemba kupitia tundu la ubavuni, kwa ajili ya vipimo vyao. Mahali nyaya zinapopita pana kifuniko na mpira wake. Fundi yeyote aliyekesha na mashine hizi angeanzia hapo. Nikamwomba ruhusa nitoe zile nyaya, nizibe tundu kwa kizibo cha kiwandani, turudie jaribio. Akasema zile nyaya si mali yangu, nisiziguse hadi wenyewe waje.

Wenyewe walikuja saa saba. Tangu saa nne mpaka saa saba nilikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mashine inayohema. Ukifanya kazi ukachoka, angalau mwili unaona umetumika. Mimi nilichoka kwa kukaa. Kufikia saa sita maneno ya mwongozo yalikuwa yakielea, na nilisimama kila mara ili nisilale mbele ya mteja, kwa sababu fundi aliyelala husimuliwa hadi makao makuu. Mama mmoja wa chumba cha utakasaji, aliyekuwa akipanga vifaa kwenye trei zake bila haraka, aliniletea maji ya kunywa bila kuulizwa. Yeye ndiye atakayeishi na mashine hii, si mwenye faili, na maswali yake matatu yalikuwa ya maana kuliko mengine yote niliyoulizwa siku hiyo: mlango unafungwaje umeme ukikatika, chujio hubadilishwa lini, na nani atapokea simu usiku.

Walipofika, nyaya zikatoka, kizibo kikaingia. Dakika tano, dakika kumi. Milibari 0.4.

"Rudia," akasema bwana wa faili.

Nikarudia. 0.4 tena. Akaomba chemba ipashwe moto upya kisha irudiwe mara nyingine, mbele ya mkubwa wake, ambaye alikuwa kwenye kikao. Saa zilizofuata zimechanganyika kichwani. Najua kulikuwa na kikao, nyaraka zikasainiwa ukurasa kwa ukurasa, na mtu akauliza kwa nini namba kwenye ukurasa mmoja imeandikwa kwa kalamu nyeusi. Gasketi haikuguswa. Hilo nalijivunia, na atakayeniona mdogo kwa kujivunia gasketi, basi na aone.

Kuoga hakukuwepo, wala kulala. Nilitoka getini giza limeshaingia, kwa mwili wangu ikiwa usiku wa manane, nikaenda moja kwa moja mkahawani na boksi langu begani. Mahali tulipachagua mapema: pana watu wengi, pana mwanga, na mfanyakazi mwenzangu aliyebaki nyumbani alijua niko wapi na narudi lini. Hata mtu uliyezungumza naye miaka, siku ya kwanza mkutane mbele za watu. Wenzangu wenyewe ndio waliosema hivyo kwanza, nikawaheshimu zaidi.

Kwenye kundi mmoja anajiita Spana, mwingine Valvu, na majina yao halisi hayahusu mtu. Valvu nilimtambua kwa mikono, kovu za kuungua mvuke hazifichiki. Spana ndiye aliyenitatiza. Sauti yake naijua kuliko ya jamaa zangu wengi, maana yeye haandiki, hutuma sauti tu, ndefu ndefu, na mimi huzisikiliza kwa kasi ya moja na nusu ili nimalize. Sasa yuko mbele yangu anaongea kwa kasi ya kawaida, na nikamwona kama mtu anayesinzia. Kwa dakika za mwanzo nilishindwa kumfuata. Nikajikuta natazama meza badala ya uso wake, kwa kuwa nimezoea kumsikia nikiwa natazama simu, na hapo ndipo maneno yakaanza kuingia.

"Umechoka, kaka," akasema.

"Nimekalishwa kwenye kiti tangu saa nne."

"Jaribio la kuvuja?"

"La kuvuja."

"Nyaya za vihisi," Valvu akadakia, kabla sijafika hata robo ya kisa.

Sijui kama mtu asiye wa kazi hii anaweza kuelewa raha ya neno hilo. Mchana kutwa nimethibitisha jambo kwa namba, kwa karatasi, kwa mashahidi, na huyu ambaye sijawahi kumpa mkono kabla ya leo amelijua kwa kusikia sauti yangu tu. Hawakuniuliza ni hospitali gani, wala mimi sikutaja. Mkataba unakataza, na wao wana mikataba ya namna ile ile. Simu yangu haina picha hata moja ya pale ndani. Tulizungumza juu ya mashine isiyo na mahali na mteja asiye na jina, na haikutupunguzia kitu.

Mambo ya nyumbani tuligusa kidogo: watoto, wazazi, mgongo wa Spana. Kisha tukarudi kwenye pampu, ile inayonyonya hewa ya mashine. Nilikuwa nimeahidi kukaa saa moja. Sikumbuki tulikaa saa ngapi, nakumbuka tu Valvu akibishana kwamba pampu ya ombwe ikilishwa maji ya moto hunyonya vibaya, jambo ambalo hakuna aliyelipinga. Walitaka kunilipia. Nikakataa, wakakataa kukataa kwangu, nikashindwa. Na hata ningelipa, nisingeipeleka risiti ile kazini, kwani hicho hakikuwa chakula cha kikazi.

Halafu Spana akatoa kwenye mkoba mfuko wa plastiki. Ndani, kipande cha gasketi kuukuu ya mlango, kimeliwa upande mmoja kwa namna ambayo sijapata kuiona. Alikihifadhi anionyeshe. Tukaigeuza, tukaikunja, tukaiinua kwenye taa, mhudumu akatupita akitutazama.

Hotelini nimeandika ripoti hadi kurasa za vipimo, nimebakiza ukurasa wa sahihi. Kesho saa mbili Bowie-Dick tena, na bwana wa faili ameahidi kuwahi. Kwenye kundi wenzetu walikuwa wakidai picha ya mkutano. Tulichowatumia ndiyo picha pekee iliyopigwa jioni ile: mikono sita juu ya meza na gasketi katikati. Hakuna aliyeuliza mkono upi ni wa nani. Ujumbe wa kwanza kuingia ulisema, "Hiyo imekosa grisi." Wa pili ukasema la, imekaa kwenye mlango usiolingana sawasawa. Mpaka naizima simu walikuwa bado wanabishana, na mimi niko upande wa mlango.