Kiungo cha kompresa kilichovuja upepo: jinsi nilivyotatua

Kiungo cha robo inchi kati ya regyuleta (kifaa cha kurekebisha shinikizo) na hosi ya kompresa kilivuja kila shinikizo lilipofika baa 8. Kukikaza zaidi hakukusaidia, wala tepu nyeupe ya mafundi bomba. Regyuleta ilikuwa na meno ya BSP (kipimo cha mabomba cha Uingereza), kiungo kilikuwa cha NPT (kipimo cha Marekani). Kwa robo inchi, BSP ina meno 19 kwa inchi, pembe digrii 55. NPT ina 18, digrii 60. Yanashikana mizunguko miwili mitatu, kisha yanakwama, na fundi hudhani imekaza. Nusu inchi inadanganya zaidi, maana zote zina meno 14.

Nilizima kompresa, nikatoa upepo mpaka geji ikasoma sifuri, nikapima kwa geji ya meno, yaani kifaa cha kulinganisha nafasi za meno. Nikafunga kiungo cha BSP chenye meno yanayopungua unene kuelekea ncha, tepu mizunguko mitatu kufuata upande wa kukazia, jino la kwanza likiwa wazi. Maji ya sabuni hayakutoa kiputo.

Kwenye mdomo wa mtungi wa oksijeni usiweke tepu, na mafuta yasiguse kabisa: yanaweza kulipuka.