Pasheni Inachanua Lakini Haizai? Tazama Kama Nyuki Weusi Wapo

Pasheni ya manjano ikijaa maua kisha yakapukutika bila kufunga tunda, wengi hukimbilia mbolea. Wengine hununua mzinga, na hapo ndipo sikubaliani nao. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua lile. Hupita chini kabisa, akazoa chavua na kuondoka, mgongo wake usiguse hata moja ya zile stigma 3, yaani ncha za ua zinazopokea chavua. Wakiwa wengi, wanaweza kuimaliza chavua kabla mchavushaji mwenyewe hajafika.

Mchavushaji mwenyewe ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, kundi ambalo wataalamu huliita Xylocopa. Anapoinama kunyonya mbochi, yale maji matamu ya ua, mgongo wake unasugua vifuko 5 vya chavua, na kwenye ua linalofuata unasugua stigma. Basi ua hilo liwe la mche mwingine, kwa sababu pasheni ya manjano haipokei chavua yake, hata itoke ua jingine la mche uleule. Shamba lililopandwa vipandikizi vya mama mmoja litachanua kila msimu na kukuacha mikono mitupu. Otesha mbegu za matunda ya miche tofauti. Pasheni ya zambarau huweza kujitosheleza, ila nayo inahitaji wa kuisogeza chavua.

Tunda lenyewe hukwambia. Kila mbegu ina kifuko chake cha maji, kwa hiyo chavua ikiwa haba, mbegu ni chache, na tunda linakuwa jepesi lenye uwazi ndani.

Kabla ya kutumia pesa, pima. Ua la manjano hufunguka mnamo saa sita mchana, stigma zikiwa zimesimama. Huchukua kama saa nzima kuinama hadi usawa wa nyuki. Kuanzia saa nane, chota chavua ya mche mwingine kwa brashi laini, upake stigma zote 3 za maua 20, uyafunge uzi mwekundu. Mengine 20 yafunge uzi mweupe na usiyaguse. Baada ya wiki hesabu yaliyofunga. Ya uzi mwekundu yakiyazidi ya uzi mweupe kwa mbali, huna nyuki wa kutosha. Pande zote mbili zikianguka, tafuta kwingine: ukame, wadudu, au maji uliyomwagia juu ya maua. Chavua ya pasheni ikilowa hupasuka, kwa hiyo kuanzia mchana hadi jioni mwagilia chini, kwenye shina.

Nyuki hawa hawana mzinga. Jike huchimba handaki kwenye mti mkavu, huweka donge la chavua, hutaga yai moja juu yake, kisha huziba kwa unga wa mbao na kuanza chumba kingine. Watoto wa handaki moja ni wachache, ndiyo maana kuchoma gogo kavu moja au kumimina mafuta ya taa kwenye tundu la nguzo ni hasara kubwa kuliko inavyoonekana. (Lile dume linalokuzingira usoni kwa kelele halina mwiba.)

Tundika magogo ya mti laini uliokauka, unene wa sentimita 10 hadi 15, urefu wa mita moja hivi, yakilala chini ya paa dogo, mita 1.5 kutoka ardhini. Toboa vitundu vya kuanzia vya milimita 12 hadi 15, kina cha sentimita 3. Mbao iliyopakwa dawa au rangi hawaitaki. Ndiyo kinga ya kenchi za nyumba yako: zipake rangi, uwaachie magogo. Sisimizi watazuiwa na grisi kwenye waya wa kutundikia. Gogo lenye matundu ya zamani huvutia kuliko jipya, maana majike hurudi walikozaliwa. Ukilihamisha, fanya usiku wakiwa ndani, matundu yamezibwa kwa kitambaa, na uyazibue likishatundikwa.

Dawa ya wadudu pulizia jioni, nyuki wakishalala. Lakini jioni haisaidii kama lebo imeandikwa imidacloprid au thiamethoxam. Hizo huingia ndani ya mmea na kutokea kwenye mbochi na chavua. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku mashambani mwaka 2018. Madukani kwetu bado zipo. Mimea yenye maua usiipulizie hizo kabisa.

Kuna pia njaa. Pasheni ikipumzika, nyuki wale nini? Mbaazi, kunde na marejea (mmea wa jamii ya kunde) kandokando ya shamba huwashikilia. Mjohoro huwapa chavua, ambayo huitoa kwa kulitikisa ua kwa mvumo wa mwili, kazi asiyoiweza nyuki wa asali. Kwa mvumo huohuo huchavusha nyanya na biringanya, kwa hiyo mwenye bustani ya mboga naye atundike gogo. Mbaazi za mpakani usizikate zote kwa siku moja. Acha mstari mmoja unaochanua hadi pasheni irudi kutoa maua.