Tintin wa pili akija, nitazima sauti kwanza

Kila baada ya muda lazima kuna mtu atanirushia WhatsApp lile bango la filamu ya Tintin, yule kijana mwandishi wa habari wa kwenye katuni za Kibelgiji, yeye na mbwa wake wanakimbia kuelekea kwenye hekalu la Wainka, watu wa kale wa Peru, chini pameandikwa mwaka, "kaka part two hiyooo", na mimi bila akili naenda kuchoma bando kuangalia kama ni kweli nakuta ni kazi ya shabiki tu mwenye kompyuta nzuri na muda mwingi. Siwalaumu, tunasubiri wote. Ya kwanza ilitoka 2011, Steven Spielberg ndo dairekta, Peter Jackson prodyuza, na ilikuwa inajulikana kabisa kwamba ya pili wanabadilishana viti, Jackson anaongoza. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule saa hizi yuko sekondari.

Kwa wasiojua, huku Kigoma Tintin hakuletwa na duka la vitabu. Sani, lile gazeti letu la katuni, ilikuja kwa treni, imechelewa, imeshasomwa na watu wa Dodoma na Tabora njiani, Tintin alikuja kwa boti. Anashukia Kibirizi, pale boti zinapotia nanga, kwenye mizigo ya watu wa Bujumbura, Uvira na Kalemie, na baada ya vita vya Kongo vya 96 ndo yakazidi kuonekana, mtu amevuka ziwa na godoro, sufuria na katuni mbili za watoto hazina kava. Yote Kifaransa. Na sisi wa mtaa wa Mwanga nani alikuwa anajua Kifaransa?

Kwa hiyo tulikuwa tunasoma picha. Hii ndo ishu yangu yote ya leo naomba mnielewe. Hatukujua hata neno moja kwenye yale mapovu ya maneno lakini stori tuliijua mwanzo mpaka mwisho, tena kila mtaa na yake. Dupond na Dupont tukasema hawa ni askari kanzu, na kweli ndo walivyo. Kapteni Haddock kwa lile sweta la nanga na ile ndevu tuliamini kabisa aliwahi kuendesha Liemba, ile meli kongwe ya ziwani, tena enzi za Mjerumani, kuna jamaa alikuwa anaapa babu yake amefanya naye kazi. Profesa Tournesol sasa, yule mzee wa kofia anayetembea na kitu kinaning'inia kwenye uzi, huyo hatukujadili, ni mganga. Anapiga ramli, anatafuta wachawi, basi.

Pale sokoni kulikuwa na Mkongomani mmoja fundi redio, tunamwita Papaa, ukimpelekea chapati anakusomea kurasa kadhaa. Siku tunamuuliza "Papaa, huyu mganga anasema nini hapa?" akacheka mpaka akaweka bisibisi chini, akasema huyu ni profesa, mtu wa sayansi, halafu masikio yake hayasikii vizuri ndo maana kila mtu anamjibu vingine. Tukakataa. Tukamwambia Papaa asome vizuri. Kiukweli stori ya kwetu ilikuwa tamu kuliko ya kwenye povu, na mpaka leo nikimuona Tournesol kuna sehemu ya kichwa changu inasubiri atoe hirizi.

Sasa mtu akiniuliza unategemea nini kwenye filamu mpya mimi sina orodha ndefu kama ya wale mashabiki wa Ubelgiji na Ufaransa wanaogombana kuhusu upana wa pua na rangi ya suruali. Mimi nina kipimo kimoja, nitaizima sauti. Kama dakika ishirini za kwanza sielewi nani anamkimbiza nani na kwa nini, hiyo sio Tintin, hiyo ni muvi nyingine imevaa nywele zake. Hergé, Mbelgiji aliyemchora Tintin, alikuwa anachora mstari mmoja safi, unene ule ule, rangi bapa hazina vivuli vivuli, na kila kiboksi kinakuambia mtu katoka wapi na anakwenda wapi. Ndo maana mtoto wa Kigoma asiyejua bonjour aliweza kusoma.

Ile ya 2011 nimeirudia kwa kipimo hiki na imepata maksi nusu nusu. Kuna sehemu zimefaulu vibaya sana. Ule mwanzo wa vivuli vinakimbizana wakati majina yanapita, halafu yule mchoraji wa sokoni anayemchora Tintin, sura ya mchoraji ni ya Hergé mwenyewe na picha aliyochora ni Tintin wa kwenye katuni, dah, hapo nilijua jamaa wanaheshimu. Na ile mbio ya pale mji wa Bagghar, pikipiki, mwewe, maji ya bwawa yanafunguka, mji unashuka wote na kamera haikati hata mara moja, kibanda umiza kizima kilinyamaza, watu wanaoshinda wanapiga kelele kwenye ngumi walinyamaza. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa chochote pale.

Lakini Sakharine! Kwenye katuni yule ni mtu wa kukusanya modeli za meli tu, hana ubaya na mtu, wabaya ni wale ndugu wawili Loiseau. Filamu ikamgeuza kuwa adui mkuu, ikampa ukoo wa maharamia, na ili tuelewe hayo yote inabidi watu waongee, waongee, waongee, zima sauti uone kama unaambulia kitu. Halafu pale mwisho bandarini wanapigana kwa winchi za kupakulia mizigo, makelele matupu, filamu inakimbia kama boti inayokimbizana na mvua wakati hakuna aliyewahimiza. Na kile kipande cha Haddock kusimulia vita vya babu yake na haramia Rackham, kwenye kitabu yuko nyumbani kwake, ana upanga, kofia na chupa, anaigiza peke yake anavunja vitu mpaka kichwa kinatokea kwenye picha ya babu. Sisi tulikuwa tunakiigiza hicho kipande kwa fimbo za miwa. Wao wakampeleka jangwani, vita vya meli vikawa vizuri mno siwezi kukataa, ila yule mlevi mwenye upanga sebuleni alipotea na mimi namdai.

Kuna wanaosema wachore kwa mkono sasa, waachane na ule mtindo wa waigizaji kuvaa nguo za vitone na kompyuta inanasa mwendo wao. Ile tamthilia ya katuni ya 1991 ilichorwa kwa mkono, vipindi 39, inafuata vitabu karibu kurasa kwa kurasa na wengi wetu tulikuja kuiona kwenye CD za kuchoma. Mimi sina shida na kompyuta. Andy Serkis ndani ya Haddock alikuwa Haddock, na faida ya mtindo ule Jamie Bell aliyeigiza Tintin anaweza kuzeeka anavyotaka, Tintin atabaki kijana yule yule.

Kwa nini imechelewa hivi? Wa Kigoma wenzangu huwa mnasema hela, na mnapatia nusu. Ilitengenezwa kwa kama dola milioni 135 na ikakusanya kama milioni 374 duniani, ila Marekani kwenyewe iliambulia milioni 77 hivi, yaani waliomuokoa Tintin ni watu wa nje ya Marekani, na wenye studio kule wanaangalia kwanza nyumbani. Halafu Jackson akaingia kwenye zile filamu zake tatu za Hobbit, 2012 mpaka 2014. Spielberg mwenyewe ameanza kuitaka hii kitu tangu miaka ya themanini, Hergé akafariki Machi 1983 hata hawajaonana. Ni mradi wenye mazoea ya kusubiri.

Filamu ile iliishia wameambiwa kuna dhahabu nyingine chini ya bahari, na Tournesol hajaonekana kabisa! Kwa hiyo wengi tunadhani inayofuata ni ile ya mipira saba ya kioo na hekalu la jua, ambayo na mimi ningeichagua kwa sababu ya Rascar Capac tu. Yule maiti mkavu wa Kiinka anayeingia dirishani usiku ameshika mpira wa kioo. Umeme umekatika, dirisha la wavu, upepo wa ziwa unasukuma pazia, halafu umetoka kusoma ule ukurasa. Msimfanye wa kuchekesha jamani. Na behewa linalokatika mlimani Peru likaanza kurudi chini peke yake lenyewe, watu waliokulia mwisho wa reli wanaijua hiyo hofu vizuri. Na Zorrino, yule mtoto anayeuza machungwa, tunao tele pale stesheni, asigeuzwe kuwa wa kutupia vichekesho, yeye ndo anayejua njia, Tintin ndo anamfuata.

Kupatwa kwa jua ndo sijui watafanyaje. Tintin amesoma kipande cha gazeti, kinasema siku na saa, anawatisha Wainka kwamba jua linamtii, nao wanaamini. Watu wanaoabudu jua wasijue habari zake? Hata utotoni kulikuwa na mmoja wetu aliuliza hivyo. Wakirekebisha hapo sitalalamika hata kidogo, wakitaka wamfanye kuhani mkuu ajue na aamue kuwaachia kwa sababu zake, stori inakuwa nzuri zaidi.

Hapa lazima niseme kuhusu kile kitabu cha Tintin huko Kongo maana kuna watu wanaitaka, eti "itatuhusu". Siku anga ikiwa safi milima ya Kongo tunaiona tukiwa Kibirizi, kwa hiyo ndio, inatuhusu. Ilitoka gazetini 1930 mpaka 1931, Hergé hajawahi kukanyaga huko, akawachora watu kama watoto wajinga wa kumshangaa mzungu na mbwa, na baadaye mwenyewe alikubali kwamba ni mawazo ya kikoloni ya wakati ule. Mkongomani mmoja, Bienvenu Mbutu Mondondo, aliipeleka mahakamani Ubelgiji 2007, mwaka 2012 mahakama ikakataa kuipiga marufuku. Papaa hakuwa anataka ipigwe marufuku. Tulimpelekea siku moja, na chapati, akafunua kurasa kama tatu akaturudishia. "Hii miye sisome. Ule mwenye kuchora hakufikaka kwetu hata siku moja." Chapati akaila. Kitabu kiwepo maktaba watu wakijue, ila filamu hapana, hata ukikisafisha namna gani unabaki unasafisha tu.

Kama Jackson angeniuliza mimi (haniulizi) ningemwambia afanye kile kitabu cha Tintin huko Tibet. Hakuna jambazi, hakuna hazina, ni mtu anamtafuta rafiki yake kwenye theluji wakati kila mtu anamwambia ameshakufa, kurasa nyeupe tupu na watu wadogo wanapanda. Hiyo unaizima sauti kuanzia mwanzo mpaka mwisho na bado unalia.

Na nyie mnaotafsiri muvi, toka enzi za mkongwe wenu Lufufu nawaheshimu, najua ikitoka tu wiki haiishi mtakuwa mmeshaiingizia sauti. Haddock msimpe sauti ya mlevi yeyote wa kilabuni, yule ni kapteni. Na zile sehemu ambazo hakuna mtu anayeongea, nanyi nyamazeni.