Kaunta buku ya mama chai

Jana kitinda mimba wangu alikuja na hesabu za shule, "Baba, kumi na saba mara tatu ni ngapi?" Nikamwambia enda uulize mama. Mama mwenyewe akacheka huko jikoni, si anajua.

Nikakumbuka Kamukunji, pale kwa mafundi wa jua kali Nairobi, Januari 2005. Wale wa masanduku ya shule mnajua vile Januari ilikuwa, watoto wa fomu wani Kenya nzima ni kama waliapa kununua sanduku wiki moja. Nilikuwa na vijana sita wanagonga mabati, mimi nimesimama mbele na mdomo wangu. Hiyo kazi niliiweza, mtu alikuwa anapita amenuna anaondoka na masanduku mawili. Lakini daftari pia niliandika mimi, kwani bosi ni nani?

Jumamosi moja akaja mwalimu wa shule ya bweni, amefuata masanduku arobaini. Mimi nimeandika kumi na nne. Anasema alitanguliza elfu ishirini, mimi naona elfu mbili halafu doa, na hilo doa inaweza kuwa sifuri inaweza kuwa grisi. M-Pesa haikuwa imekuja, hiyo ni mambo ya 2007, kwa hivyo hakuna meseji ya kuonyesha mtu. Akapandisha sauti. Vijana wakaacha kugonga. Kama hujawahi kusikia Kamukunji ikinyamaza, hata kibanda kimoja tu, omba usisikie.

Mama chai, yule alikuwa anatuuzia chai, alikuwa anaokota vikombe, hata hakuinua kichwa.

"Baba Shiro, alikupa ishirini. Jumanne. Ukatoa elfu ukanilipa chai, nikakurudishia mia sita arobaini, hizo zingine ukaweka kwa soksi."

Akatoa kaunta buku kwa aproni, mistari imenyooka, deni la kila fundi mpaka nusu mandazi, na kweli: Jumanne, Baba Shiro, 360, amelipa.

Mwalimu akaangalia miguu yangu akaanza kucheka, hapo ndio nikapona. Tukagonga mpaka usiku.

Wiki hiyo nikampa mama chai daftari. Siku hizi nasikia hiyo inaitwa uongozi, eti shika unachoweza, kinachokushinda mwachie mwenzako. Sijui, mimi niliona aibu tu. Ila madeni yalipungua, hiyo siwezi kukataa. Halafu Ijumaa nikaenda kuchukua mia mbili ya lanchi, pesa yangu, kibanda changu, akafunga buku akanitazama.

"Za nini?"