Hasira ya Shangazi

Shangazi alikuwa ameniahidi atanikalia nimchore, na kwake ahadi ni deni. Kwa hiyo alikuja, ingawa alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye mkutano wa chama, ambako mweka hazina aliwaambia akina mama kwamba pesa "zina shida kidogo". Akavuta stuli hadi dirishani, akajitengeneza leso, akanyamaza.

"Chora. Na usiniulize kitu."

Ilikuwa Julai, ile Julai ya Nairobi ambayo jua linaweza kukataa kutoka kutwa nzima. Mwanga wa mawingu ni baridi. Ukiangukia ngozi nyeusi huacha buluu kwenye paji la uso na juu ya mashavu, na vivuli navyo huonekana vina joto, kahawia inayoelekea wekundu. Ukipaka chaki nyeusi tupu ya pasteli hapo, ngozi inakufa. Yangu sikuitoa hata kwenye boksi.

Karatasi ilikuwa ya kaki, ile ya kujaladia vitabu vya shule. Naipenda kwa sababu rangi yake ni ya katikati: unaongeza giza, unaongeza mwangaza, mengine unaiachia karatasi yenyewe.

Hasira wengi huikimbilia kwa nyekundu. Lakini mdomo wa Shangazi ulikuwa umetulia kabisa, wala uso haukuwa umeiva. Nikafinya macho mpaka uso ukabaki mabaka ya giza na mwangaza tu, ndipo nikaiona: baka moja lililoanzia chini ya nyusi, likameza kope za juu, likakatika ghafla kwenye mfupa wa pua. Kwingine kote vivuli vilififia polepole. Pale tu ndipo palikuwa na ukingo mkali. Nikakoleza zambarau juu ya kahawia bila kuisugua kwa kidole, na ng'ambo ya ukingo nikaweka buluu hafifu. Shavu nililisugua mpaka likalainika, na ulaini huo ndio uliolifanya jicho litishe.

Kwenye Makumbusho ya Taifa kuna picha za watu wa Kenya alizochora Joy Adamson miaka ya 1940 na 1950. Shanga na mavazi vimechorwa kwa uangalifu wa ajabu, ila nyuso nyingi, kwa jicho langu, zimetulia kama za watu wanaopigwa picha ya kitambulisho. Huenda ndivyo kazi yenyewe ilivyotaka. Mimi siku ile leso nilimaliza kwa mistari michache tu.

Nilipopulizia dawa ya nywele ili rangi isifutike, Shangazi alilalamikia harufu, kisha akasogea kuangalia. Akaangalia kwa muda mrefu.

"Huyu sitaki akae ukutani," akasema. "Mkunje vizuri, mwanangu. Jumapili tuna mkutano, na mweka hazina lazima amwone."