Siku Vibao 31 Viliposema 12

Wiki mbili kabla ya muhula kuanza nilikabidhiwa ufunguo wa chumba changu cha kwanza cha hisabati. Darasa la saba, wanafunzi 36, wengi wao wa miaka 12 na 13. Nilifagia, nikausugua ubao mpaka ukarudia weusi wake, nikapanga madawati safu sita za sita, zote zikinitazama mimi. Juu ya ubao nikabandika mstari wa namba, kuanzia hasi 20 hadi 20. Sufuri niliipimia kwa rula mara tatu ili ikae katikati kabisa. (Mstari huo nautetea hadi leo. Mtoto anayeanza namba hasi anahitaji mahali pa kuziona, si kuambiwa tu kwamba zipo.) Ukuta wa nyuma ulipata chati iliyonichukua siku nzima kuichora, yenye herufi nyekundu: NAMBA IKIVUKA UPANDE, ALAMA INAGEUKA.

Halafu vibao. Nilichukua kadi nyeupe 36, kila moja nikaitia kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, pamoja na kalamu ya kufutika na kipande cha kitambaa. Nikiuliza swali kila mtu anaandika, nahesabu hadi tatu, vibao vyote vinapanda. Nilivitengeneza ili kuokoa muda tu. Sikujua kwamba ndivyo vitakavyonifumbua macho.

Wiki ya tatu tulikuwa tuingie kwenye milinganyo. Kama swali la kuwaamshia akili, niliandika ubaoni:

8 + 4 = ☐ + 5

Nilidhani ni kazi ya dakika moja. Nikahesabu, vibao vikapanda, nikaanza kusoma kutoka safu ya mbele: 12, 12, 12, 12. Nikaenda safu ya pili. 12. Nilipomaliza chumba kizima nilikuwa nimehesabu 31 vya 12, vitatu vya 17, na viwili tu vya 7.

Hawa hawakuwa wanafunzi dhaifu. Wiki iliyotangulia walikuwa wamefanya zoezi la kuzidisha sehemu na wengi wakapata vyema zote. Ndiyo maana nilisimama pale na chaki mkononi, moyo unanidunda.

Nikauliza: "Nani atueleze amefikaje kwenye 12?" Kimya. Nilijilazimisha nisiseme kitu. Sisi walimu tukishauliza husubiri kama sekunde moja tu, kisha tunajijibu wenyewe; mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliligundua hilo kwa kusikiliza kanda za masomo, na aliona kwamba mwalimu akivumilia sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi hurefuka na kuwa na hoja. Kwa hiyo nikavumilia. Sekunde hizo ni ndefu kuliko mtu anavyodhani.

Msichana wa dawati la mwisho karibu na dirisha, ambaye kwa wiki tatu sikuwa nimemsikia akisema lolote, akainuka.

"Mwalimu, hiyo alama ya "sawa na" inasema toa jibu. Nane na nne ni 12. Hiyo tano ni ya hesabu inayofuata."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nikamuuliza nani kamfundisha hivyo. Hakujibu kwa mdomo. Alinyoosha kidole kwenye kona ya kushoto ya ubao, mahali nilipokokotoa mfano asubuhi ileile kwa mkono wangu:

5 × 4 = 20 + 3 = 23

Niliisoma kama mgeni. Tano mara nne ni sawa na 20 kujumlisha 3? Si kweli. Nilikuwa nimeandika uongo ubaoni, na jibu la mwisho lilikuwa sahihi, ndiyo maana hakuna aliyeuona, nami nikiwa wa kwanza kutouona. Nikawaambia: "Amesema kweli. Mimi ndiye niliyeandika vibaya."

Somo la milinganyo likafa hapohapo. Nyuma ya mlango palikuwa na hanga ya nguo. Nikaichukua, nikafunga uzi na kikombe chepesi cha plastiki kila upande, nikaitundika kwenye msumari wa fremu ya dirisha. Ililala upande mmoja. Tukabandika karatasi iliyokunjwa chini ya kikombe cha pili mpaka ikakaa sawa. Kwenye rafu nilikuwa na kopo la gololi za ukubwa mmoja. Yule msichana akaja, akahesabu 8 na 4 ndani ya kikombe cha kushoto, 5 ndani ya cha kulia. Hanga ikainama kushoto.

"Sasa tia 12, kama vibao vilivyosema."

Akaongeza moja moja upande wa kulia, darasa zima likihesabu naye. Kwenye ya sita uzi wa kushoto ukaanza kuinuka. Kwenye ya saba hanga ikayumba, ikatulia, ikanyooka. Akasita, gololi ya nane ikiwa katikati ya vidole, akanitazama. Hakuitia. Mvulana mmoja wa safu ya mbele akasema polepole, kama anayeongea na nafsi yake: "Kumbe pande zote mbili."

Nikawasimulia kidogo habari za Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati wa Wales, aliyechoka kurudiarudia maneno "ni sawa na", hivyo mwaka 1557 akachora mistari miwili sambamba yenye urefu mmoja, kwa sababu, alisema, hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hivyo. Walikipenda kisa hicho, lakini kilichowashika ni hanga. Kengele ilipolia nilienda kufuta kosa langu nikakuta msichana wa dirishani ameshalifuta, na chini yake ameandika mistari miwili:

5 × 4 = 20
20 + 3 = 23

Jioni nilibaki peke yangu. Niliivunja ile mipango ya safu, nikaunganisha madawati manne manne, watoto wapate kubishana wao kwa wao kabla ya kunisikia mimi. Kisha nikaibandua chati ya herufi nyekundu. Iliniuma, kwa kazi niliyoitia, lakini namba haivuki popote. Katika 2x + 3 = 11 unaondoa 3 huku na 3 kule, hanga ibaki imenyooka; mtoto asiyejua hilo atageuza alama kwa kukariri, na siku akisahau hana pa kushika. Hanga nikaiacha dirishani.

Kesho yake niliandika 9 + 4 = ☐ + 6. Wakabishana mezani kwa mezani, vibao vikapanda. Wengi waliandika 7. Wanne bado waliandika 13. Nikawaita dirishani, nikamkuta yule msichana ameshafika, kopo la gololi mkononi, anawasubiri.