Kazi ya Mama

Wadogo zangu wanaoomba vyuo Marekani siku hizi huniuliza insha ya maombi niliandikaje na SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya kule, nilipata ngapi. Kwa hayo sina mengi ya kusimulia. Insha niliandika. Mtihani niliufuata Dar es Salaam, kwenye shule ya kimataifa ambako wenzangu wengi walikuwa wakishushwa getini na magari ya wazazi wao. TOEFL, mtihani wa Kiingereza, nayo nikaimaliza, walimu wangu wakaniandikia barua. Kazi ilikuwa kwenye fomu ya fedha.

Ilikuwa Desemba 2008, Tanga. Kidato cha sita nilikuwa nimemaliza Februari, matokeo yalishatoka na yalikuwa mazuri, na vyuo nilivyovilenga vilikuwa vinafunga maombi tarehe 1 Januari. Mwalimu wangu wa hisabati ndiye aliyenifungua macho. Kule, alisema, viko vyuo vinavyomlipia mwanafunzi karibu kila kitu, ila vingi kabla ya kumchukua mgeni huangalia kwanza anahitaji kiasi gani. Harvard, Yale, Princeton na MIT vilikuwa kati ya vile vichache ambavyo havikutazama mfuko wa mgeni wakati wa kuchagua. Kwingineko, kadiri unavyoomba msaada mwingi ndivyo nafasi yako inavyopungua. Sasa mtoto wa Ngamiani, mtaa wetu pale Tanga, ataomba kidogo kwa lipi?

Fomu ilikuwa ya College Board, taasisi inayosimamia SAT, ya wanafunzi wa kigeni, kurasa kadhaa za maswali kuhusu pesa za wazazi. Kabla hatujaigusa ushauri ulishatufikia. Binamu yangu wa Kariakoo alipiga simu: ongezeni, msionekane ombaomba. Jirani yetu, mstaafu wa reli, alishauri kinyume: punguzeni, Mzungu akimwona mtu hana kabisa humhurumia. Baba aliwasikiliza wote, akasema tutaandika yaliyopo, yakiwa machache basi ni machache.

Tulikaa uani baada ya Isha. Baba alivaa miwani na kushika kalamu mwenyewe, mimi nikawa nasoma Kiingereza na kumtafsiria. Mama alikuwa pembeni na beseni lake.

Swali la mwanzo mwanzo lilitaka sarafu ya nchi yetu na thamani yake kwa dola. Tukaweka shilingi 1,250, ndivyo ilivyokuwa ikienda wakati ule. Halafu kazi ya baba: karani wa bohari kwenye kampuni ya mkonge. Mshahara 95,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ikawa 1,140,000, na baba akaitamka jumla ile kwa sauti, polepole, maana nadhani hakuwahi kuuona mshahara wake umekusanyika mahali pamoja. Nilipogawanya zikatoka dola 912.

"Mia tisa tu?" akauliza. "Hebu gawa tena."

Nikagawa tena. Gharama za mwaka mmoja kwenye vyuo vile zilikuwa zinakaribia dola 50,000. Baba naye akapiga hesabu yake pembeni ya gazeti: ingembidi afanye kazi zaidi ya miaka hamsini, bila kula, ili nisome mmoja. Alicheka mpaka akakohoa. Baba yangu ni mtu wa kucheka mambo yakimzidi, na namshukuru kwa hilo, kwa sababu mimi nilikuwa karibu kulia.

Swali lililofuata: kazi ya mama.

"Andika mama wa nyumbani," baba alisema bila kuinua uso.

"Na huu mchele ninaouloweka ni wa nani, baba yake?"

Ulikuwa mchele wa vitumbua. Mama aliuloweka kila usiku, akausaga alfajiri kwa nazi na hiliki, na saa moja asubuhi wateja walikuwa wameshajipanga barazani na vibakuli vyao. Ramadhani aliongeza kaimati na tambi, msimu wa harusi akapokea oda. Mambo hayo sote tuliyaona, baba akiwa wa kwanza kupewa viwili vya moto kabla ya kwenda kazini. Ila hakuna aliyeyaita kazi.

Mama alifuta mikono, akaingia ndani, akarudi na kauntabuku lenye jalada lililochakaa. Lilikuwa limejaa. Mchele, nazi, mafuta, sukari, mkaa, kila kitu na bei yake, na chini ya kila siku amepigia mstari kilichobaki. Siku ya kawaida ilikuwa elfu nne hivi. Siku ishirini na sita kwa mwezi, miezi kumi na miwili: 1,248,000. Hapo Ramadhani bado, harusi bado.

Baba alivua miwani. Mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye ukurasa wa pili.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu ulipocheleweshewa mshahara ile miezi ya nyuma. Ada ya Fomu Faivu ulidhani ililipwa na nani?"

"Uliniambia shule imesubiri."

"Shule ipi inasubiri?"

Ada ile ilikuwa imetoka kwenye zamu ya mama ya upatu. Walikuwa wanawake ishirini, kila mwezi kila mmoja anatoa elfu ishirini, na anayefikiwa na zamu anaondoka na laki nne mkononi. Yote yalikuwemo kwenye lile daftari: nani katoa, nani anadaiwa, zamu ya mwezi huu ni ya nani. Baba alilifungua ukurasa baada ya ukurasa, kwa makini aliyotumia kukagua vitabu vya bohari, na mwishowe akasema jambo ambalo kwa karani ni sifa kubwa: hakuna palipofutwa. Akachukua kalamu, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa kwamba mama ni mfanyabiashara wa chakula.

Mengine tuliyavuka kwa mabishano madogo madogo. Nyumba ilinunuliwa mwaka gani na kwa bei gani? Haikununuliwa, aliijenga babu, na ni ya urithi, baba wadogo na mashangazi wote wana haki humo. Magari ni ya aina gani? Baba alitaka iandikwe baiskeli yake ya Phoenix, nikamkatalia. Chakula kwa mwaka ni kiasi gani? Hapo mama alinishangaa kweli. "Nani anayekula kwa mwaka? Sisi tunakula kwa siku." Ikabidi tuanze na siku, elfu tano, tukapanda mpaka mwaka.

Kulikuwa na karatasi nyingine iliyotaka muhuri na saini ya benki. Meneja alitazama salio la baba, akatutazama sisi, akauliza kama tuna hakika tunataka liende Marekani hivyo lilivyo. Baba akamwambia ndiyo, tena agonge muhuri usomeke.

Februari ikaja barua pepe kutoka chuo kimoja kidogo cha Minnesota. Mama mmoja wa ofisi ya misaada aliandika kwa adabu kwamba matumizi yetu yamezidi mapato yetu, na angependa kujua pengo linazibwaje. Nilikuwa tayari nimeanza kutunga Kiingereza kizito cha kujitetea. Mama akanizuia, akakaa kitini na kuniambia niandike anavyosema.

"Mwambie nazi hatununui, zinatoka Pangani kwa dada yangu. Machungwa na mahindi tunaletewa kutoka Muheza. Ulipoandika chakula elfu tano kwa siku ulihesabu na hivyo, ndiyo maana imezidi. Mwambie duka la jirani tunakopa tarehe ishirini, tunalipa mshahara ukitoka. Upatu mweleze vizuri, asidhani ni msaada. Ile ni pesa yangu mwenyewe, naitoa kidogo kidogo naipokea kwa pamoja. Na mwambie kama ana shaka daftari lipo."

Niliandika hivyo hivyo, na ya daftari nikaiacha. Yule mama alijibu kesho yake akishukuru, akasema sasa ameelewa.

Mwishoni mwa Machi nikapokelewa. Chuo kilibeba ada, malazi, chakula, bima na tiketi ya ndege. Ada ya SEVIS, ile ya Marekani ya kumsajili mwanafunzi wa kigeni, dola 200, na ya viza, dola 131, baba alizikopa kwenye chama chao cha akiba na mikopo kazini. Ila kwenye barua ya msaada palikuwa na mstari mmoja chini kabisa: mchango wa wazazi, dola 300 kwa mwaka.

Nilimsomea mama nikiwa na wasiwasi. Akauliza hizo zinakuwa ngapi kwetu. Nikamwambia kama laki nne.

"Zamu moja," akasema. Akajifunga leso, akatoka kwenda kuwaambia wenzake kwamba ya Julai anaitaka yeye.